Nabii, Mrudishie Mama Mwanawe

Kiroba kilifika Dar es Salaam kwa basi kutoka Mwanza, mdomo umeshonwa kwa uzi wa katani, ubavuni jina la kaka yangu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ndani mlikuwa na michembe, karanga mbichi na chupa ya samli iliyoviringishwa kwenye kanga kuukuu isije ikavuja. Mama mkubwa alikuwa ameuandaa mzigo ule kwa siku nyingi: amemenya viazi, amevikata, amevianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na kutwa nzima ameketi kivulini akifukuza kuku. Kaka hakukifungua kiroba. Alikiburuta hadi kwenye kona ya ua, akakimwagia mafuta ya taa, juu yake akadondosha matone ya mafuta ya upako, akawasha kiberiti. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Karanga zilipasuka motoni kwa mlio mdogo mdogo, na harufu yake ikawa ile ile ya jikoni kwetu tulipokuwa watoto. Mke wake alikuwa pembeni ananena kwa lugha.

Siku nne kabla, kaka alikuwa ameitwa mbele katika ibada ya kufunguliwa. Ni mtu wa miaka arobaini, ana duka la vipuri vya pikipiki ambalo lilikuwa linayumba, na ana mkopo wa riba kubwa, wa kausha damu, uliokuwa unamnyima usingizi. Nabii alimshika kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwenye kipaza sauti kwamba anamwona mwanamke mzee, macho mekundu, yuko upande wa ziwa, amekalia chungu, na ndani ya chungu imefungwa nyota ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Chochote kitokacho mkononi mwake ni mlango wa mapepo. Kanisa zima likapiga kelele. Kaka akaanguka. Alipoinuka, hakuwa na mama tena.

Namwita kaka kwa haki. Yeye ni mtoto wa mama mkubwa, na mama mkubwa ndiye aliyenilea tangu mama yangu mzazi alipofariki nikiwa na miaka sita. Nyumba ile ya Magu ndiyo iliyonifundisha kusali. Ni yeye aliyetuamsha Jumapili giza halijaisha, akatupaka mafuta miguuni, akatutanguliza njiani kwenda kanisani huku amebeba viatu vyetu mkononi ili visichakae kabla ya kufika. Mimi ni Mkristo. Naimba kwaya, natoa zaka, naamini Mungu anaponya, naamini anasema na watu hata leo. Sina ugomvi na maombi wala na wanaofunga na kukesha. Ugomvi wangu ni na mtu anayelichukua jina la Yesu na kulifanya panga la kumkata mtoto kutoka kwa mama yake, na ugomvi huo nimeunong'ona vya kutosha.

Tuanze na hayo macho mekundu. Kwetu Usukumani kuni ni za shida, kwa hiyo wanawake wa rika la mama mkubwa wamepika maisha yao yote kwa mabua ya pamba na samadi iliyokauka, kwenye mafiga matatu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Moshi wa miaka hamsini hauondoki kwa kunawa uso. Macho yanawasha, yanachuruzika, mwisho yanabaki mekundu. Yaliharibika yakitupikia sisi. Mtoto aliyeshibishwa na moto ule ndiye leo anaambiwa kwamba wekundu wa macho ya mama yake ni alama ya uchawi!

Na alama hiyo imewafikisha wapi mama zetu, sote tunajua. Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita, Tabora: mauaji ya vikongwe yamekuwa msamiati wa kawaida wa magazeti yetu kwa sababu yametokea mara nyingi mno. Bibi anavamiwa usiku nyumbani kwake, anakatwa mapanga, na chanzo kikifuatiliwa mara nyingi anakutwa mganga aliyepiga ramli, akataja mwanamke mzee, macho mekundu, jirani au ndugu wa damu. Yaweke maneno ya mganga huyo kando ya maneno ya nabii wa kaka yangu. Onyesha tofauti. Kuna sehemu za nchi hii wanapita watu wanaoitwa lambalamba, kwingine kamchape, wanaingia vijijini kudai kwamba wanafichua wachawi, na wanalipwa. Mtumishi, wewe una suti na Biblia, na madhabahuni pako kuna kiyoyozi. Lakini kazi unayoifanya ni ya lambalamba, na damu ikimwagika kule kijijini huwezi kusema mikono yako ilikuwa imeinuliwa kwa sifa.

Najua andiko utakalonijibu. Utanifungulia Mathayo sura ya 10, palipo na habari za mtu na adui zake wa nyumbani, na waumini watakuitikia kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako. Basi tusome wote, tena tusome mpaka mwisho. Maneno yale Yesu aliyatoa kwa Mika, sura ya 7, na Mika pale alikuwa analia. Aliitazama nchi iliyooza, mahakimu wanadai rushwa, rafiki haaminiki, mtoto anamdharau baba, binti anamwinukia mama, akaomboleza kwamba mambo yamefika huko. Kilio chake umekigeuza kuwa tiba. Naye Yesu alipoyarudia maneno hayo alikuwa anawatuma wanafunzi wake, akiwaonya kwamba watakataliwa na watu wa nyumbani kwao kwa ajili yake. Anayefukuzwa katika andiko lile ni muumini. Hakuna mahali muumini alipoambiwa amfukuze mama yake, tena mama anayesali.

Andiko lako la pili ni la laana za ukoo, kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao. Kwa andiko hilo umejaza mikesha, umevunja madhabahu za mababu ambao hukuwajua hata majina, na umewafanya vijana waione kila picha ya babu ukutani kama mkataba na shetani. Mbona huwasomei Ezekieli sura ya 18? Waisraeli walikuwa na methali ya baba kula zabibu mbichi na meno ya watoto kupatwa ganzi, na Mungu akawakataza kuitumia tena, kwa kuwa kila mtu atabeba dhambi yake. Mbona hufiki Yohana sura ya 9? Wanafunzi walimkuta kipofu wa kuzaliwa, wakauliza swali lako hasa: aliyetenda dhambi ni nani, yeye au wazazi wake? Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake, kisha akamponya mtu yule bila kumtafuta mchawi hata mmoja katika ukoo wake.

Sasa tuzungumze fedha, maana hapa ndipo hasira yangu inapokolea. Kaka alikuwa anamtumia mama mkubwa shilingi elfu thelathini kila mwezi. Si nyingi, lakini kwa mjane wa kijijini ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa na dawa ya presha. Mwezi ule wa unabii akaacha kutuma. Akaambiwa kwamba kumtumia mchawi fedha ni kulisha madhabahu yake. Fedha ile haikukaa mfukoni mwake wala haikupunguza mkopo. Ilihamia kwenye sadaka ya ukombozi, kwa namba ya simu inayopita chini ya skrini wakati wa ibada. Niliona ujumbe wa muamala kwa macho yangu. Mama alipoteza, nabii akapokea, na katikati hakukuwa na mtu wa tatu.

Yesu alikutana na jambo hili hasa. Liko katika Marko sura ya 7. Walikuwepo wakuu wa dini waliomruhusu mtu kusema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake sasa ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na baada ya hapo hawakumruhusu tena afanye lolote kwa baba wala mama. Yesu hakuwaita watumishi waliozidiwa na bidii. Aliwaita wanafiki, akawaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Wakatoliki na Walutheri wanaihesabu amri ya kuwaheshimu wazazi kuwa ya nne, wengine tunaihesabu ya tano, lakini hakuna dhehebu lililowahi kuifuta, na Paulo anawakumbusha Waefeso kwamba ndiyo amri ya kwanza yenye ahadi. Wewe umemwambia kaka yangu kwamba njia ya baraka ni kuivunja amri hiyo yenye baraka ndani yake.

Na tusisahau msalabani. Yohana sura ya 19 inatuonyesha mtu anayekufa, pumzi zinakatika, dhambi ya ulimwengu iko mabegani mwake, na katikati ya mateso yale anamtazama mama yake aliyesimama pale chini, anamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda ili amtunze. Ndugu zake waliwahi kumwona amerukwa na akili, wakaenda kumkamata, Marko ameandika. Familia yake ilikuwa na misukosuko kama zetu. Hata hivyo hakufa kabla hajahakikisha mama yake ana mahali pa kulala. Anayesema amejazwa roho wa Bwana huyo, halafu akamshauri mtu amwache mama yake peke yake na giza na ugonjwa, amejazwa roho gani?

Kuna jambo jingine ambalo waumini wengi hawalioni mpaka limewafikia. Mathayo sura ya 18 imeweka utaratibu wa ndugu waliokoseana: nenda kwanza kwake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia hao, ndipo kanisa lielezwe. Nabii ameupindua utaratibu huo miguu juu. Anaanza na kanisa zima, tena kwa kipaza sauti na kamera. Mashahidi hawapo. Mshtakiwa hajui hata kama kesi yake imesikilizwa. Yuko Magu anapalilia mihogo. Dhambi inayotajwa kwa jina lake ina njia: nilikuibia, nilikupiga, nilikusengenya, na kwa kuwa imetajwa naweza kuikana kwa ushahidi au kuitubu kwa machozi. Tuhuma ya uchawi haina mlango wa kutokea. Mama akikana, ni mjanja. Akilia, anaigiza. Akinyamaza, amekubali. Akituma chakula, anatega. Asipotuma, amegundua kwamba ameshtukiwa. Ataishi vipi kwenye kesi kama hiyo, na atajitetea mbele ya nani?

Kwa nini watu wanaingia katika mtego huu? Kaka si mjinga. Ana akili za biashara kuliko mimi. Lakini duka lilikuwa linayumba kwa sababu mtaa mmoja umejaa maduka saba ya vipuri vile vile, kodi ya fremu imepanda, na kausha damu inakula faida kabla haijapatikana. Majibu hayo yanachosha, na yanamwachia mtu kazi ngumu ya kufanya. Nabii anatoa jibu jepesi: kuna mtu. Mtu huyo hana nguvu ya kukufuata mjini, hana nauli, hana wakili, hana hata simu yenye kamera ya kujibu. Tena mtu akishakatwa na ukoo wake, akiumwa ataenda kwa nani? Akifa atazikwa na nani? Amebaki nabii tu. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na wapo wanaojenga majumba kwa utumwa huo.

Tumeshaona mwisho wa safari hii. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Ndugu zao ndio waliozunguka wakiulizia na picha mkononi. Watu wale hawakuanza na njaa. Kwanza walifundishwa kuwaona ndugu zao kuwa ulimwengu, na ulimwengu kuwa adui. Huko Kongo kisu kimeelekea upande wa pili: watoto wengi wa mitaani mjini Kinshasa walifukuzwa majumbani kwa kuitwa wachawi, na wapo wachungaji waliothibitisha tuhuma hizo na kuwafungisha watoto chakula kwa jina la kuwaombea. Hali ilifika mahali Katiba ya nchi ile ya 2006, ibara ya 41, ikabidi ikataze kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya 2009 ikafuata. Kwao mtoto, kwetu bibi. Anayetafutwa siku zote ni yule asiyeweza kurudisha pigo.

Sasa nigeuke upande wetu, sisi wa makanisa tunayojiita ya zamani, maana hatuna mikono safi. Vijana wetu wengi walikwenda kwa nabii baada ya kutukosa sisi. Walikuja na vidonda vya kweli. Mmoja alipigwa na baba yake mpaka leo mkono haunyooki. Mwingine aliingiliwa na mjomba, akamweleza mama, mama akamwambia anyamaze asivunje ukoo. Mwingine aliachwa kwa bibi na wazazi wasirudi. Tuliwajibu nini? Tuliwaambia mzazi hakosei. Tuliwaambia samehe saba mara sabini, na hatukumwita baba hata mara moja tukamuuliza ulifanya nini. Amri ya kuwaheshimu wazazi tuliifanya kifuniko cha sufuria, na Paulo anayewaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao tukamruka, wakati maneno hayo yako sura ile ile ya Waefeso, mistari michache tu chini. Mtoto aliyenyimwa ukweli kanisani kwake akaenda kununua uongo kwa jirani.

Kwa hiyo anayenisoma akiwa na mzazi aliyemuumiza kweli asidhani namrudisha kwenye mikono ya aliyemuumiza. Baba aliyebaka ana kesi polisi, na kanisa linaloficha kesi hiyo linashiriki dhambi. Mtu anaweza kusamehe na bado akakaa mbali, akafunga mlango usiku. Lakini angalia nabii anavyomfanyia mtu huyo: kipigo cha baba anakiita roho ya ukoo, ubakaji wa mjomba anauita jini mahaba, na mkosaji anatoka bila kuguswa. Kisha anaelekeza kidole kwa bibi mwenye macho mekundu ambaye hakumgusa mtu. Mwenye hatia hatubu, asiye na hatia anahukumiwa, na hiyo inaitwa kufunguliwa.

Nataka nini? Nataka wachungaji wa kila dhehebu, wenye kanisa la mawe na wenye turubai, wasimame Jumapili na kusema wazi kwamba hapa hatutaji mchawi. Muumini akija na hofu kwamba ndugu yake anamroga, mchungaji afunge safari naye hadi kwa huyo ndugu, wakae, waulizane, wale pamoja. Nataka jumuiya zetu zimtembelee kila mama mzee aliyeachwa kwa tuhuma, mchana kweupe, kila mtu kijijini aone kwamba kanisa liko nyumbani kwake. Nataka pia sheria ifanye kazi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iko tangu 1928, na kumtaja mtu hadharani kuwa mchawi ni kosa la jinai. Haijaandikwa kwamba ukimtaja kwa kipaza sauti chenye upako umesamehewa. Waumini wanaorekodi ibada hizo kwa simu wana ushahidi mkononi, waupeleke.

Na nina deni langu mwenyewe. Wiki moja baada ya ule moto, mama mkubwa alinipigia. Aliuliza kama mzigo ulifika. Nikasema ulifika, mayu. Akauliza kama wameipika michembe, kama watoto waliipenda. Nikasema waliipenda. Akacheka, akasema basi msimu huu ataanika mingi zaidi, na kwamba kila jioni anamtaja kaka kwa Mungu, jina la ubatizo kwanza, halafu la nyumbani, Mungu asije akamchanganya na mwingine. Nilikata simu nikakaa chini sakafuni. Nilimdanganya mwanamke aliyenibebea viatu vyangu, na niliona namhifadhi, kumbe nilikuwa nawahifadhi walioiwasha njiti.

Nimeshampigia tena. Nimemwambia ukweli wote. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku nyuma yake, kisha akauliza swali moja tu: duka la mwanangu linaendeleaje?

Kaka, najua utasoma hapa. Viazi vimeshaanikwa juu ya mwamba. Safari hii hatavipakia kwenye basi, nimemwomba asubiri. Panda wewe, ukavichukue mikononi mwake, na ukifika umtazame macho.